UZI: Wiki ya 37 hadi 41, tumbo linakaza na kuachia. Ni uchungu au bado? Wajawazito na mnaowauguza, karibuni

MkungaWaZamu (mwanzisha uzi)

Habari zenu wapendwa.

Mimi ni muuguzi mkunga, nafanya kazi wodi ya wazazi. Uzi huu ni wa mjamzito aliyeingia wiki ya 37 na kuendelea, ambaye usiku tumbo linakaza, linaachia, linakaza tena, na kukikucha limetulia kabisa. Ni wa mume pia, na wa mama au wifi aliyesimama na kadi ya kliniki mkononi anauliza, "Twende au tungoje?"

Nianze na linaloniuma. Wengi tunaowapokea wakiwa wamechelewa hawakuwa wazembe. Hawakuwa na hakika, na waliogopa kufika halafu waambiwe "bado, rudi nyumbani". Mwingine alishafika mara moja, akarudishwa, majirani wakamwona anashuka na beseni lake kwenye bajaji, akaapa harudi tena mpaka mtoto awe njiani. Dada, ukija ukapimwa ukaambiwa bado, umehudumiwa. Presha imepimwa, mapigo ya moyo wa mtoto yamesikilizwa, mlalo wake umejulikana, na una mahali pa kuanzia kulinganisha ukija tena. Njoo hata mara tatu.

Katika masomo yetu tunafundishwa aina tatu za kuchelewa zinazoua wajawazito: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Zilipangwa hivyo na watafiti Thaddeus na Maine mwaka 1994. Barabara na upungufu wa watumishi huviwezi wewe peke yako. Lile la kwanza linaamuliwa chumbani kwenu, na ndilo ninalotaka tuliongelee.

Kwanza, ile tarehe kwenye kadi. Inahesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho: unaongeza siku 7 na kusogea mbele miezi 9, jumla siku 280. Hesabu hiyo inachukulia kwamba mzunguko wako ni wa siku 28. Mwenye mzunguko wa siku 35 ana haki ya kuchelewa wiki nzima. Wanaojifungua siku hiyohiyo iliyoandikwa ni wachache sana, kama 5 tu katika kila 100. Mtoto aliyetimia anaweza kuja wakati wowote kati ya wiki ya 37 na ya 42, kwa hiyo tarehe ikipita kwa siku mbili usilie. Ukifika wiki ya 41 bado kimya, hapo rudi kliniki upewe mpango.

Pili, mikazo ya kujiandaa, ile mnayoiita uchungu wa uongo. Daktari Mwingereza John Braxton Hicks aliieleza mwaka 1872, na mpaka leo vitabu vinaiita kwa jina lake. Tumbo linakuwa gumu, zaidi upande wa mbele, halafu linalegea. Haina mpangilio: dakika 7, kisha 20, kisha inapotea. Mara nyingi inakuja jioni ukiwa umechoka, umesimama jikoni mchana kutwa, hujanywa maji, au kibofu kimejaa. Kakojoe, kunywa maji bilauri mbili, lala ubavu wa kushoto saa nzima. Ikipungua, ilikuwa hiyo.

Uchungu wenyewe haujali umelala au umesimama. Kwa wengi unaanzia kiunoni nyuma, unazunguka kuja mbele, unapanda, unafika kileleni, unashuka. Kila unaofuata ni mrefu na mkali kuliko uliopita, na nafasi ya katikati inapungua. Mwanzoni unaweza kuongea wakati unauma. Baadaye sentensi inakatika katikati, unashika ukuta.

Kinachowachanganya watu zaidi kiko katikati ya hivyo viwili: hatua ya mwanzo ya uchungu. Hapa unaumwa kweli na kazi inafanyika kweli. Mlango wa kizazi unalainika, unakuwa mwembamba, unaanza kufunguka. Lakini inakwenda polepole, inaweza kusimama usiku ikaendelea kesho, na kwa mimba ya kwanza kuchukua siku nzima au zaidi si ajabu. Zamani tulihesabu uchungu umeshika kasi mlango ukiwa umefunguka kuanzia sentimita 4. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilisogeza hadi sentimita 5, na likasema wazi kwamba hatua hii ya mwanzo haina muda maalumu unaomfaa kila mwanamke. Ndiyo maana umeumwa usiku kucha, unafika, unaambiwa sentimita 2. Sijui kama kuna neno linalovunja moyo kama hilo. Lakini sentimita mbili za kifungua mimba zimefanya kazi kubwa, kwa sababu ule mlango ulikuwa mrefu na mgumu na sasa umelainika.

Sasa yale yasiyosubiri. Hapa hakuna kuhesabu dakika wala kumpigia shangazi kwanza. Damu inayotoka kama hedhi au zaidi. Kichwa kinachogonga bila kuachia, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu makali chini ya kifua upande wa kulia, uso na mikono kuvimba ghafla: hizo ni dalili za kifafa cha mimba kinachokuja. Degedege. Homa. Maji yenye rangi ya kijani au kahawia, au yenye harufu mbaya. Mtoto kupunguza kucheza. Tumbo lililokaza moja kwa moja bila kulegea. Chupa ya maji ya uzazi kupasuka au mikazo yenye mpangilio kabla ya wiki ya 37. Nenda, saa yoyote.

Ulizeni, nitajibu nikitoka zamu.

---

NyotaYaKigamboni

Asante sana dada mkunga. Mimi ni mimba ya kwanza, wiki 39. Jana asubuhi nimetokwa na ute mzito kama kamasi una rangi ya pinki. Mama mkwe alishapiga simu Iringa kwamba najifungua leo. Leo imefika, tumbo linauma kidogo linaacha. Nimechoka na simu za "vipi, bado?" Naanza kuona kama mwili wangu una kasoro.

MkungaWaZamu

Mwili wako hauna kasoro, mpenzi. Ule ute ulikuwa umeziba mlango wa kizazi. Mlango ukianza kulainika unaachia, na kwa sababu kuna vimishipa vidogo vinavyokatika, unakuja na alama ya damu. Baada ya hapo uchungu unaweza kuja usiku huohuo, au baada ya siku kadhaa, hata wiki. Pinki au michirizi ya kahawia isikutishe. Damu nyekundu inayolowanisha pedi ni habari nyingine, hiyo unakuja mbio.

Simu mkabidhi mtu. Nasema hili kwa uzito wote kwa sababu naona linavyowamaliza wanawake. Mjamzito anayeulizwa mara kumi kwa siku kama amezaa halali, hali vizuri, anajichunguza kila dakika. Mume au dada mmoja awe ndiye anayejibu ndugu wote. Kwa mama mkwe aende mwanawe mwenyewe, aseme kwa adabu, "Mama, tutakupigia sisi." Kisha wewe lala mchana. Wanaochosha mwili kwenye hatua ya mwanzo wanafika leba hawana nguvu ya kusukuma.

---

BibiWaPangani

Wanangu, mnasoma sana mnaogopa sana. Sisi tumezaa saba, nane. Uchungu ukisuasua mwanamke anapewa majani yake, anakunywa ya moto, saa mbili mtoto analia. Anakandwa kiuno, anapewa uji wa pilipili manga, anatembezwa uani. Hospitali mnarudishwa rudishwa tu.

MkungaWaZamu

Shikamoo mama. Naomba nikujibu kama mwanao.

Kukandwa kiuno, uji wa moto, kutembezwa uani na kuwa na mwanamke mwenzako pembeni, hayo mama yangu yadumu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mwanamke awe na mtu anayemwamini wakati wa uchungu, na ninyi mlikuwa mkifanya hivyo bila kuambiwa na mtu. Mgongo ukandwe kwa kiganja, kwa nguvu, pale chini karibu na mfupa wa kitako mkazo unapokuja. Inasaidia sana.

Majani, hapana. Dawa ya kuongeza uchungu, hata ile tunayoitumia hospitalini, tunaipima kwa matone, na tunasikiliza moyo wa mtoto wakati wote. Sababu ni hii: kizazi kikikaza, damu inayokwenda kwenye kondo la nyuma inapungua, na mtoto anapata hewa yake kizazi kinapolegea. Dawa isiyo na kipimo inaweza kukaza kizazi bila kukipa nafasi ya kulegea. Mtoto anachoka, anajisaidia tumboni, na kizazi kinaweza kupasuka, hasa kwa aliyewahi kufanyiwa upasuaji au aliyezaa mara nyingi. Na mafuta ya nyonyo yanaleta kuharisha na kuishiwa maji, mwanamke anaanza kazi ngumu akiwa mnyonge. Ukiona bintiyo amekunywa kitu, mama, tuambieni mkifika. Hatutagomba. Tunahitaji kujua ili tumwangalie kwa karibu.

BibiWaPangani

Marahaba mwanangu. Hilo la hewa ya mtoto sikuwahi kuambiwa. Uji basi utabaki.

---

Fundi_Umeme_Kilosa

Dada, mimi ni mume. Tuko kijijini, zahanati iko karibu lakini hospitali ni mbali na usiku hakuna gari. Mke wangu ana wiki 38. Nahesabuje huo uchungu? Na nisubiri ufike dakika ngapi?

MkungaWaZamu

Kaka, hongera kwa kuuliza.

Chukua simu, fungua saa. Mkazo unapoanza andika muda. Unaofuata ukianza andika tena. Nafasi ni kutoka mwanzo hadi mwanzo, wengi wanakosea wanahesabu kutoka mwisho. Pia angalia kila mmoja umedumu sekunde ngapi. Weka kiganja juu ya tumbo karibu na kitovu, utausikia ukiwa mgumu. Usihesabu masaa yote, mtachanganyikiwa. Hesabu nusu saa, acheni, rudieni baada ya saa mbili mwone kama kuna mabadiliko.

Mwenye mimba ya kwanza anayekaa jirani na hospitali, asiye na tatizo lolote, anaweza kungoja mpaka mikazo ije kila dakika 5, kila mmoja karibu dakika nzima, kwa muda wa saa moja. Kipimo hicho kwenu HAKIFAI. Ninyi mnaondoka mkazo unapoanza kuwa na mpangilio, hata ukiwa kila dakika 15. Nendeni zahanati kwanza apimwe. Kama kuna dharura, hapa Tanzania piga 115, bila malipo: ni mfumo wa M-mama wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, wanaojifungua na watoto wachanga, na unatumia pia madereva wa kawaida waliosajiliwa pale ambapo hakuna gari la wagonjwa. Hifadhi namba hiyo kwenye simu yako na ya mkeo leo. Tafuta pia namba mbili za bodaboda au gari mnazoziamini, ongea nao mapema, na pesa ya nauli iwe mkononi. Uliza pia kama hospitali yenu ina nyumba ya wajawazito kusubiria. Kwa wanaokaa mbali, kuhamia karibu kuanzia wiki ya 38 kunaondoa nusu ya wasiwasi huu.

---

sauda_m

Swali la aibu kidogo. Najikuta nimelowa, sijui ni mkojo au chupa. Kila nikikohoa yanatoka kidogo. Wiki 38.

MkungaWaZamu

Hakuna aibu hapa. Mtoto anakandamiza kibofu, mkojo kuponyoka ni kawaida sana wiki hizi. Fanya hivi: kakojoe, vaa pedi safi nyeupe au kitambaa safi, lala nusu saa, kisha inuka. Kama maji yanashuka tena unaposimama na huwezi kuyazuia kwa kubana, chukulia ni chupa. Nusa: mkojo unajulikana, maji ya uzazi hayanuki hivyo. Rangi yake ni kama maji safi au manjano hafifu sana.

Ikiwa ni chupa, unaenda kituoni hata kama hujasikia uchungu. Wengi waliotimiza wiki 37 uchungu huanza wenyewe ndani ya saa 24, lakini kizuizi cha wadudu kimeshaondoka, kwa hiyo muda unahesabiwa. Andika saa yalipoanza. Usijisafishe kwa ndani, usifanye tendo la ndoa. Kama unatumia dawa za kupunguza makali ya VVU usichelewe hata kidogo, na usiruke dozi. Na ikitokea umehisi kitu kama kamba kinatokeza, piga magoti, weka kifua chini na matako juu mkisubiri usafiri, na ndani ya gari ulale ubavu, matako yameinuliwa kwa mto. Kamba ya kitovu cha mtoto imetangulia, na kila dakika ina thamani.

Hata ukikosea na ukawa ni mkojo, kuna vipimo vya kutofautisha. Nenda leo.

---

mama_wawili_Mbeya

Mimi wiki 40. Tangu jana mtoto katulia. Nimeambiwa watoto hutulia wakikaribia kutoka, nafasi imeisha. Ni kweli?

Rehema86

Ni kweli mpendwa, hata wangu alitulia siku mbili kabla. Usijali.

MkungaWaZamu

Rehema, namshukuru Mungu kwamba wako alikuwa salama, lakini naomba tusimwambie mtu hivyo tena. Mtoto mzima hapunguzi kucheza kwa sababu uchungu umekaribia. Aina ya mchezo inabadilika, badala ya teke unasikia kujinyoosha na kujizungusha, lakini anaendelea kucheza hadi siku ya kuzaliwa, na hata ndani ya uchungu.

mama_wawili, acha kusoma, ondoka sasa hivi. Usile kitu cha sukari ungoje uone. Usimngoje mume arudi. Ukifika sema: "Mtoto hachezi kama kawaida tangu jana."

mama_wawili_Mbeya

Nimerudi jukwaani. Nilienda na mdogo wangu. Mapigo ya moyo yalisikika, wamenibakiza kwa uangalizi, presha nayo ilikuwa juu na mimi sikujua. Niko wodini bado.

MkungaWaZamu

Asante kwa kwenda. Kaa hapo, fuata watakachokuambia, na presha waulize kila inapopimwa ni ngapi.

---

Zuhura_Likoni

Sisi wa Mombasa tunasoma pia. Mimi nilifika kituo kimoja usiku, nikaambiwa nimekuja kuwasumbua watu, hata tumbo sikuguswa. Nikarudi nalia. Sasa hii ya pili naogopa.

MkungaWaZamu

Pole sana Zuhura. Hilo halikupaswa kutokea, na kama mkunga limeniuma. "Bado" inasemwa baada ya kupimwa, siyo kwa kukutazama mlangoni.

Fika na maneno yako tayari, ukiyasema bila kupumzika katikati: mimba ni ya wiki ngapi, ni ya ngapi, mikazo ilianza saa ngapi na sasa inakuja kila baada ya dakika ngapi, maji yametoka au hayajatoka, damu ipo au haipo, mtoto anacheza au la, na tatizo lolote la mimba hii au iliyopita. Kisha omba mambo mawili kwa utulivu: "Naomba mpime presha na msikilize moyo wa mtoto kabla sijarudi." Nenda na mtu anayeweza kusimama na kuuliza pale wewe unapokuwa umeshikwa na mkazo. Wakikuambia urudi, uliza urudi ukiona nini, na uandike.

Na kwa kuwa umesema hii ni ya pili: uzao wa kwanza ulikuwa wa kawaida au wa kisu?

Zuhura_Likoni

Kisu. Njia haikufunguka.

MkungaWaZamu

Basi wewe husubiri nyumbani kabisa. Mwenye kovu la upasuaji anatakiwa awe na mpango kabla ya wiki ya 38: kama atajaribu njia ya kawaida, iwe hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu. Mkazo wa kwanza wenye mpangilio, unaondoka. Maumivu kwenye kovu yasiyoachia katikati ya mikazo, hata madogo, ni dharura. Hivyo hivyo wenye mapacha, mtoto aliyetanguliza matako, kondo lililokaa chini, presha au kisukari. Yale maelezo ya kukaa nyumbani, kuoga maji ya uvuguvugu na kulala hayawahusu.

---

NyotaYaKigamboni

Dada, nilienda jana usiku. Sentimita 2, presha nzuri, moyo wa mtoto mzuri. Nimerudi nyumbani. Sikulia kwa kuwa nilikuwa nimekusoma. Sasa nifanye nini na masaa haya? Naogopa uchungu wenyewe.

MkungaWaZamu

Nimefurahi. Kula sasa, chakula cha kawaida unachokipenda: ndizi, wali kidogo, mtori, uji. Kunywa maji au chai. Kojoa kila baada ya saa mbili hata kama hujisikii, kibofu kilichojaa kinamzuia mtoto kushuka. Oga maji ya uvuguvugu, yapitishe kiunoni. Katikati ya mikazo legeza taya na mabega. Mkazo ukija toa pumzi polepole kwa mdomo, ndefu kuliko uliyovuta, na uyumbishe nyonga ukiwa umeegemea meza. Ukichoka lala ubavu, mto katikati ya magoti, usilale chali. Kila mkazo una mwanzo, kilele na mwisho, na mwingi wa mwanzo hauzidi dakika moja. Hofu yako mwambie mtu aliye hapo chumbani, kwa sauti. Nimeona wanawake mikazo yao ikipangika vizuri baada tu ya kulia begani kwa mama zao.

Utajua unarudi lini: ukishindwa kuongea mkazo unapokuja, chupa ikipasuka, au lolote katika yale niliyoyataja juu. Na ukihisi tu kwamba kuna kitu hakiko sawa huwezi kukieleza, hiyo nayo ni sababu tosha.

---

Mwajuma_wa_tatu

Na sisi wa uzao wa tatu? Naona maelezo mengi ni ya kifungua mimba.

MkungaWaZamu

Kweli, nimewasahau kidogo. Kwenu mikazo ya kujiandaa huwa mingi na mikali zaidi, inaweza kukusumbua wiki mbili jioni kwa jioni. Lakini uchungu ukishapangika hausubiri: kutoka "naona unaanza" hadi kusukuma kunaweza kuwa masaa machache sana. Usingoje dakika 5, ondoka ukiwa kila dakika 10. Ukihisi kama unataka choo kikubwa ghafla usiende chooni, piga simu na ulale ubavu. Kadi, kanga, pamba na nguo za mtoto ziwe kwenye mfuko mmoja mlangoni tangu wiki ya 36, na mtoto wako mkubwa ajue mfuko uko wapi.

Naingia zamu. Maswali mengine wekeni hapa, nitayapitia asubuhi.